Kumwita Funo kwa Sauti ya Mwanawe

Mjomba wangu alijua kuita funo. Sisemi kuwinda. Wawindaji Newala enzi zile walikuwa wengi, karibu kila kijiji kilikuwa na mtu wa gobore na mtu wa nyavu. Nasema kuita. Alikuwa anachuma jani la nyasi, analibana kati ya vidole gumba viwili, anapuliza, na kutoka kwenye kichaka ambacho wewe ungeapa hakina kitu anatokea mnyama mwekundu, mdogo kama mbuzi, masikio mbele, anakuja mwenyewe kwa miguu yake.

Nimeishi na picha hiyo zaidi ya miaka thelathini na bado sijaimaliza. Watu wakibishana kuhusu uwindaji, hoja ni zile zile: kuua ni halali au si halali, nyama ni lazima au ni anasa, wanyama wanaisha au hawaishi. Zote ni hoja za maana. Yangu ni ndogo na iko pembeni kidogo. Mimi nauliza kuhusu lile jani. Hivi mnyama anadanganywa? Na kama anadanganywa, kuna uongo ambao hata mwenye kutafuta kitoweo hapaswi kuusema?

Nianze na kazi yenyewe, maana bila kuijua kazi swali halieleweki. Funo ni mnyama wa vichaka vizito. Uwanda wa Makonde bado una mabaki ya vichaka hivyo kati ya mashamba ya mikorosho, hasa kwenye miteremko inayoshuka kuelekea Ruvuma. Ukisimama pale Shimo la Mungu, pembeni ya mji wa Newala, ukatazama chini, utaona kijani kimoja tu kinachoenda hadi mtoni. Ndani ya kijani hicho mnyama mdogo haonekani. Ukimfuata, unakanyaga kijiti kimoja, amekwenda. Ndiyo maana kumwita ni bora kuliko kumfuata.

Mjomba alinifundisha nusu ya elimu hiyo. Upepo uje usoni kwako, usitoke mgongoni. Ukae chini, mgongo kwenye shina, usisimame. Jani lisiwe kavu, linakwaruza. Lisiwe bichi mno, linalia kama filimbi. Ulivute likaze, kisha upulize kwa pumzi ya tumboni. Ukishaita mara mbili tatu, nyamaza, muda wa mtu kumaliza sigara. "Mjomba," aliniambia, maana kwetu nyumbani mjomba na mpwa tuliitana kwa jina hilo hilo, "anayejifunza huita sana. Anayejua husubiri." Ukirudia rudia unampa mnyama nafasi ya kusikiliza vizuri, na akisikiliza vizuri atakugundua.

Halafu kuna kuchagua sauti. Mjomba alikuwa nazo tatu. Ya kwanza ni fupi na laini, ya jike anayetafuta dume. Ya pili ni nzito, ya puani, ya dume anayetaka kujua nani kaingia eneo lake. Ya tatu ni ya mtoto aliyekamatwa: inapanda, inatetemeka, inakatika ghafla. Zile mbili za kwanza zina siku zake, leo zinafanya kazi, kesho hazifanyi. Ya tatu, alisema, haishindwi. Ndiyo hiyo ambayo hakunifundisha. Niliijua kwa kuiba, kwa kumsikiliza.

Usidhani ni mambo ya kwetu tu. Ujerumani na Uingereza kuna paa mdogo wa misituni anayeitwa roe, na wawindaji wa kule humwita kwa namna hiyo hiyo, mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, wakati madume yanahangaika. Zamani walitumia jani la mti, na Wajerumani mpaka leo wanauita msimu huo kwa jina la jani. Siku hizi kuna filimbi za mbao na za mpira, unabonyeza tu. Nazo zina sauti ya jike na sauti ya mtoto, na mwindaji anatakiwa achague. Ila England kuna jambo ambalo kwetu halipo. Kisheria majike hayapigwi isipokuwa kati ya tarehe 1 Novemba na 31 Machi, kwa hiyo jike akija mbio mwezi wa Agosti kwa sauti ya mtoto, mwindaji mwaminifu anashusha bunduki. Funo wetu hana msimu. Anazaa mwaka mzima. Hakuna mwezi ambao unaweza kusema, huyu aliyekuja hana mtoto mahali.

Kabla hujaniandikia: najua. Leo kuwinda bila leseni ni kosa, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi, na upande wetu huu kuna mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule yenye askari wake. Simfundishi mtu kuwinda. Ila leseni haijibu swali langu. Leseni inasema unaruhusiwa kuua nini, wapi na lini. Haisemi uite kwa sauti ya nani. Hata Mkataba wa Bern wa Ulaya wa mwaka 1979, ambao umeweka vinasa sauti kwenye orodha ya njia zilizokatazwa, ulifanya hivyo kwa sababu njia za aina hiyo zinakamata bila kuchagua. Uongo kama uongo hakuna sheria niliyoona inaugusa.

Sasa nieleze mambo matatu niliyoyaona, maana ndiyo yaliyonigawia swali vipande.

La kwanza. Siku nyingi mjomba hakuita kabisa. Alikaa chini ya mti uliokuwa unaangusha matunda, kimya, tangu giza la alfajiri, akangoja. Funo akija kuokota matunda, anapigwa. Hapo kuna kuua, ila hakuna neno lililosemwa. Mnyama kafuata tumbo lake mahali ambapo lingempeleka hata kama sisi tusingekuwepo. Nilimsikitikia, nikamla. Sikuwa na maswali.

La pili. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Asubuhi moja tulikaa mpaka jua likaanza kuchoma, sauti ya kwanza imekataa, ya pili imekataa. Mjomba akanitazama, akaita ya tatu. Hata sigara isingeisha. Jike alikuja mbio, si kwa kunyata kama wanavyokuja siku zote, mbio, kichwa juu, mpaka hatua kumi kutoka tulipo. Gobore likalia. Tulipomgeuza kumpasua, maziwa yalikuwa yanatoka. Yalichanganyika na damu kwenye majani, na mjomba akayafunika kwa udongo kwa mguu wake, haraka, kama mtu anayefunika kitu asichotaka mtoto akione. Wadogo wa funo hufichwa. Mama humlaza mtoto kichakani, anaenda kula, anarudi kumnyonyesha. Mtoto ameumbwa kulala kimya mpaka aitwe. Mjomba alizunguka vichaka vile karibu saa nzima akimtafuta, hakumpata. Tukarudi nyumbani. Nyama ilikuwa tamu, sitasema uongo juu ya hilo pia.

Lililonikaa ni hili. Asubuhi mjomba aliigiza kilio cha mtoto ambaye hakuwepo. Jioni mtoto huyo alikuwepo, mahali fulani kwenye mteremko ule, ana njaa, analia kweli, na wa kumjibu hayupo. Tulianza na uongo, tukaufanya uwe kweli.

La tatu ni langu mwenyewe, na ndilo linaloniuma kuliko la mjomba. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilienda kuokota kuni, peke yangu, sina silaha, sina hata panga la maana. Nikachuma jani nijaribu ile sauti niliyoiiba. Akaja. Jike, mbio vile vile. Akasimama, akaniona, akapiga chafya ya hofu, akakimbia. Nikacheka kwa furaha, maana nimeweza! Nikaita tena. Unaweza kudhani hakurudi. Tayari ameniona, tayari anajua kuna mtu. Alirudi. Safari hii polepole, anatetemeka miguu, anasogea hatua, anarudi hatua. Akakimbia tena. Nikaita mara ya tatu, na alirudi mara ya tatu.

Sikumgusa. Hakuna damu iliyomwagika siku ile. Ukinishitaki kwa sheria yoyote ile utashindwa kesi. Lakini nakumbuka nilitupa lile jani kama limeniunguza, na kuni nikaziacha. Alikuwa ananiogopa na bado anakuja. Kitu gani kilikuwa kinamleta? Si njaa, si ugomvi, si tamaa. Alikuwa anakuja kwa sababu mtoto analia.

Kwa hiyo nina kuua bila uongo, nina uongo pamoja na kuua, na nina uongo mtupu bila kuua. Kama ubaya wote uko kwenye kuua, basi siku yangu ya kuni ilikuwa mchezo tu. Mimi najua haikuwa mchezo.

Najua jibu la haraka: mnyama hana akili ya kudanganywa. Ili udanganywe lazima uwe na imani fulani kichwani, na funo hana imani, ana silika tu. Sauti inabonyeza, miguu inakwenda. Basi sikiliza hili. Mwaka 2014 Susan Lingle na Tobias Riede walichapisha utafiti uliofanyika Kanada kwa swala wa kule. Walipiga kwenye spika vilio vya watoto wa wanyama mbalimbali: sili, paka, popo, hata mtoto wa binadamu. Mama swala walikuja. Mradi mlio uwe kwenye kimo cha sauti wanachokijua, walikimbilia kilio hata cha mtoto ambaye hajawahi kuwepo kwenye ukoo wao. Mwenye hoja ya silika atasema, unaona, mashine tu. Mimi nasoma kinyume chake. Mimi pia nikisikia mtoto wa jirani analia usiku nainuka kabla sijafikiri. Paka mchanga akilia darini silali. Tukiita hiyo silika kwa funo, tuiite silika kwetu pia, na kama kwetu tunaiita huruma, sioni kwa nini jina libadilike tukivuka kwenda kichakani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema. Hatukusema mzazi wa miguu miwili.

Kuna jibu la pili, lenye nguvu zaidi: uwindaji wote ni udanganyifu. Kujificha ni udanganyifu. Ndoano yenye chambo ni udanganyifu. Mtego uliofunikwa majani ni udanganyifu. Ukikataa jani la mjomba, kataa na ndoano ya mvuvi wa Mtwara. Hapo nakubali nusu. Ndiyo, vyote vinaficha ukweli. Ila tazama kila kimoja kinamshika mnyama wapi. Anayejificha hasemi kitu, ananyamaza tu. Mwenye chambo anamshika samaki kwenye tamaa yake, na tamaa ya samaki ni kwa ajili ya samaki mwenyewe. Anayeita kwa sauti ya jike anamshika dume kwenye hamu yake. Lakini anayelia kama mtoto anamshika mama mahali ambapo mama hajitafutii chochote. Anaacha usalama wake kwa ajili ya mwingine, na mwindaji amelichagua jambo hilo hasa kwa sababu halishindwi. Tunaweka dau kwenye wema wake, na tunashinda kila mara kwa sababu wema wake ni wa kweli.

Na ukilifikiria mbele zaidi linatisha. Kwa njia hiyo anayekufa ni yule anayejali. Anayepona ni yule aliyesikia mtoto analia akaendelea kula majani.

Immanuel Kant, Mjerumani wa karne ya 18, alifundisha kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama, ila tusiwatendee ukatili kwa sababu anayezoea ukatili kwa mnyama huwa mgumu kwa watu pia. Zamani niliona hoja hiyo inatosha. Siku hizi naona inamfanya funo kuwa kioo tu cha kujitazamia sisi. Hata hivyo Kant hakukosea kwamba njia ya kichakani na njia ya kijijini zinakutana. Kwetu zilikutana miaka michache iliyopita, kwenye simu ya mama yangu mdogo.

Ilikuwa msimu wa korosho, malipo yameingia. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoa wa Mtwara mwaka 2007, kila mtu anajua mnada umefanyika lini na hela zinatoka lini, na wezi nao wanajua. Jumamosi moja saa mbili usiku namba ngeni ikampigia. Kijana analia. "Mama, ni mimi. Nimepata ajali ya bodaboda, simu yangu imepasuka, natumia ya daktari. Wanataka hela ndiyo wanishone." Mama mdogo ana mtoto wa kiume Dar es Salaam. Sauti haikufanana sana, lakini mtu anayelia sauti yake huwa haifanani na kitu. Alituma laki tatu na nusu, nyingine kakopa kwa jirani. Kesho yake mtoto mwenyewe akapiga kumsalimia, mzima, hana habari.

Familia ikamkalia kikao. Mama, kwa nini hukumuuliza jina la babu yake? Kwa nini hukupiga namba yake kwanza? Alituacha tukamaliza, akasema: "Nyie, mtoto akilia unamuuliza kitambulisho?" Kisha akasema neno ambalo nimelikumbuka kuliko yote: "Yule mwizi alilia vizuri. Nadhani na yeye ana mama."

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule jike aliyerudi mara tatu, na nikaona kwamba mwizi yule na mimi tuliwahi kufanya kazi moja. Yeye kapata laki tatu na nusu, mimi nilipata kicheko.

Sisi wengine tukaweka sheria ya nyumba: namba ngeni ikilia shida, kata. Miezi kadhaa baadaye mdogo wetu mwingine akazidiwa na homa akiwa safarini, amefika Masasi stendi usiku, simu imeibiwa kwenye basi. Akaomba simu ya dereva wa bodaboda, akampigia kaka yake. Kaka akasikia namba ngeni, sauti ya mgonjwa, habari ya simu kuibiwa. Akamjibu, "Tapeli mkubwa wewe," akakata. Kijana alilala kwenye benchi mpaka asubuhi, anatetemeka. Alipona, tunashukuru. Ila tazama hesabu yake. Mwizi aliiba hela mara moja kwa mama mdogo. Kwetu sote aliiba kitu kikubwa zaidi, uwezo wa kusikia mwenzetu analia na kuinuka.

Wahenga walitufundisha tusikatae wito, tukatae neno tulilioitiwa. Yaani ukiitwa nenda, ukifika usikie unaambiwa nini, hapo ndipo useme ndiyo au hapana. Msemo huo una sharti ndani yake ambalo halikuandikwa: kwamba anayeita atakuacha ukatae. Funo aliyeitika wito hana neno la kukataa, amefikia mdomo wa gobore. Mama mdogo naye aliitika, neno likaja na namba ya kutumia hela. Wito wa uongo unavunja mpango mzima. Watu wakianza kukataa wito wenyewe, kama sisi na namba ngeni, jamii haibaki na kitu cha kukutania.

Mtu ataniuliza, sasa kuita kwenyewe ni kubaya? Hapana, na mfano wangu uko ng'ambo ya Ruvuma tu. Katika hifadhi ya Niassa, Msumbiji, ndugu za Wayao wetu wa Masasi na Tunduru wanamwita ndege mlembe ili awaonyeshe asali. Wanatoa mlio maalumu, brrr ndefu inayofuatwa na hm fupi ya kooni, walioupata kwa baba zao. Mlembe akiusikia anakuja, anapiga kelele zake, anawatangulia mti kwa mti mpaka penye nyuki. Watu wanafukiza moshi, wanapasua, wanachukua asali, na wanamwachia nta juu ya majani mabichi. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walipima jambo hili. Wakitembea huku wanatoa sauti nyinginezo, nafasi ya kuonyeshwa mzinga ilikuwa asilimia 16. Wakitoa ule mlio, ikapanda hadi asilimia 54. Na mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakaonyesha kwamba milembe wa Niassa wanaitikia zaidi mlio wa Wayao, na milembe wa kwa Wahadzabe, huku kwetu kaskazini, wanaitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe. Kila mahali ndege amejifunza maneno ya watu wake.

Ndege yule wala si malaika. Mlembe hutaga kwenye viota vya ndege wengine, na kinda lake likianguliwa linawaua makinda ya mwenye kiota kwa ncha kali ya mdomo, halafu linalishwa na mama ambaye siye. Yaani naye anaishi kwa kudanganya mama za watu. Kwa hiyo sitaki kusema porini kuna ukweli na kwetu kuna uongo. Nasema hivi tu: kati ya mlembe na Myao kuna wito mmoja ambao umebaki kuwa na maana vizazi kwa vizazi, kwa sababu anayeitika anakuta alichoitiwa. Siku watu wakianza kutoa ule mlio ili wamkamate ndege wamchome, sijui utadumu miaka mingapi.

Inabaki njaa. Mtu mwenye watoto wasio na kitu, na jani ndiyo njia pekee iliyobaki, apulize au asipulize? Nitakuwa mnafiki nikisema asipulize. Ningepuliza. Lakini kuna tofauti kati ya kusema nilikuwa na haki na kusema nimechukua deni. Mwenye haki anafunika maziwa kwa udongo na kuondoka. Mwenye deni anazunguka vichaka saa nzima akitafuta mtoto. Mjomba alifanya yote mawili siku ile, na ndiyo maana siwezi kumhukumu. Njaa ya siku ile, kusema kweli, haikuwa njaa. Nyumbani kulikuwa na ugali wa muhogo na mboga. Tulitaka kitoweo kizuri. Na wengi wetu tunaposema tulilazimika, ukipekua utakuta tulitaka kitoweo.

Mjomba amefariki siku nyingi. Sikumwuliza kwa nini hakunifundisha sauti ya tatu. Nadhani alijua kwamba ukiwa nayo utaitumia, maana haishindwi, na chombo kisichoshindwa ni kigumu kukiacha. Mimi ninayo. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na mbili, ameshasikia habari za babu yake, likizo iliyopita Newala aliniletea jani la nyasi, akasema baba nifundishe. Nilimfundisha kukaza jani, upepo, kunyamaza. Nilimfundisha sauti ya kwanza na ya pili. Alipouliza kama kuna nyingine nilimwambia ipo, nikamsimulia habari ya kuni na yule jike aliyerudi mara tatu, nikamwambia sauti yenyewe simpi. Alinuna. Pengine ataiiba kama nilivyoiiba mimi.

Jioni ile ile tulikaa barazani kwa mama mdogo. Simu yake ikalia, namba ngeni. Sote tukamwambia, acha, usipokee. Akatutazama kama watoto wapumbavu, akaiweka sikioni. "Haloo," akasema. "Nani mwenzangu?"